Machicha Ndani ya Tui

Leo nimeingia studio na daftari mkononi. Si langu. Ni la shangazi yangu wa Tanga, daftari la kawaida la mistari, jalada la buluu, kona zimekunjika kwa kubebwa mkobani kila mwezi kwenda kliniki ya kisukari. Kwa miaka kumi na mmoja shangazi amelitunza kama hati ya shamba. Kila alipofika kliniki aliandikiwa tarehe, uzito, presha na sukari. Jana usiku nilikaa nikahesabu, nikapata mistari 126 kabla ya ule wa mwisho. Miaka kumi na mmoja ina miezi 132, kwa hiyo mwanamke huyu alikosa kliniki mara sita tu.

Katika mistari hiyo yote hakuna hata mmoja unaotaja mkojo. Mstari wa 127 una mwandiko wa mtu mwingine, wa haraka haraka. Uliandikwa siku aliyofika miguu imevimba hadi viatu vimemkataa. Una neno kriatinini, tarakimu yake, na maneno mawili: apewe rufaa.

Leo shangazi anasafishwa damu kwa mashine mara tatu kwa wiki, na kila mara hukaa pale muda wa saa kama nne. Nyumba yake ya Tanga imefungwa, minazi yake inaangaliwa na jirani, naye anaishi kwa binti yake Dar es Salaam ili awe karibu na mashine.

Sijaja kumlaumu muuguzi wa kliniki ile. Alipima alichoagizwa kupima, akaandika kwa uaminifu. Nimekuja na jambo moja. Tumezoea kusema figo huharibika kimyakimya, na kwa mgonjwa ni kweli, hasikii maumivu wala uchovu. Lakini figo za mwenye kisukari huanza kutoa taarifa mapema, mara nyingi miaka mingi kabla ya miguu kuvimba. Taarifa hiyo imo kwenye mkojo wa asubuhi, na sisi tunaumwaga chooni.

Ngoja nieleze kwa lugha ya jikoni, maana shangazi mwenyewe hivyo ndivyo alivyoelewa, tena akasikitika kwamba hakuna aliyemweleza hivyo mapema. Wewe uliyekulia pwani unakijua kifumbu, kile kilichosukwa kwa ukili cha kukamulia nazi. Ukikikamua, tui linapita, machicha yanabaki ndani. Sasa kila figo ina vifumbu vyake vidogo mno, vipatavyo milioni moja. Damu inapita humo, maji na taka vinapenya, na vitu vikubwa vinatakiwa vibaki. Kimojawapo cha hivyo vinavyotakiwa kubaki ni albumini, protini inayotengenezwa na ini, ambayo huyazuia maji ya damu yasivujie kwenye nyama za mwili. Mfano wangu una kasoro moja, nayo ni kwamba machicha tunawapa kuku, ilhali albumini ni mali ya kuhifadhiwa. Ila kwa habari ya kuchuja, ni vilevile. Kifumbu kikianza kulegea, kabla hakijatoboka, utaona chembe mbili tatu za machicha zinaelea ndani ya tui.

Kazi ya vifumbu hivi si ndogo. Kwa siku moja figo mbili huchuja maji ya damu yapatayo lita 180, kisha hurudisha mwilini karibu yote, tukabaki na mkojo wa lita moja au mbili. Sukari ikiwa juu kwa miaka, na presha ikajiunga nayo, vifumbu vinachuja kwa shinikizo kubwa kupita kiasi. Na hapo pana hila inayowadanganya wengi: katika hatua hiyo ya mwanzo ukipima damu, figo huonekana zinafanya kazi vizuri mno, hata kuliko za mtu mzima wa afya. Zinakazana. Ukuta wa kifumbu ndio unaochakaa.

Watu wamelijua jambo la protini kwenye mkojo siku nyingi. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's mjini London alichapisha maelezo ya wagonjwa waliovimba mwili, ambao mkojo wao ukitiwa kwenye kijiko na kupashwa moto juu ya mshumaa uliganda. Uliganda kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na kweli jina albumini limetokana na neno la Kilatini la ute wa yai. Wagonjwa wa Bright walikuwa wamechelewa sana. Mkojo ukifikia kuganda kwenye kijiko, machicha yamekwisha kujaa kwenye tui.

Ilibidi kungoja hadi 1963. Katika hospitali hiyohiyo ya Guy's, Harry Keen na mwenzake Chlouverakis walichapisha njia ya kupima albumini iliyo kidogo mno kwenye mkojo, kiasi ambacho si mshumaa wala kijiti cha kupimia mkojo kingekigundua. Swali lililofuata lilikuwa: je, chembe hizo kidogo zina maana yoyote? Mwaka 1982 Giancarlo Viberti na wenzake wakaleta jibu. Walikuwa na vipimo vya mkojo vya watu 63 wenye kisukari cha kutegemea insulini, vilivyochukuliwa miaka 14 nyuma, wakawafuatilia kuona wamefikia wapi. Wanane ndio waliokuwa na albumini iliyozidi kidogo tangu mwanzo. Kati ya wanane hao, saba walikuwa wameugua figo waziwazi. Kati ya 55 waliobaki, ni wawili. Miaka miwili baadaye, Carl Erik Mogensen wa Aarhus, Denmark, akaonyesha kwamba hata kwa kisukari cha ukubwani, kile alichonacho shangazi na pengine wewe unayenisikiliza, albumini hiyo kidogo inatangulia ugonjwa wa figo na inatangulia kifo cha mapema pia, kwa sababu mishipa inayovuja kwenye figo ina ndugu zake kwenye moyo.

Nimesimulia hayo kwa urefu kwa makusudi. Elimu hii ina miaka zaidi ya 40.

Sasa tuje kwenye kijiti. Wengi mmepimwa mkojo kwa kijiti kile chenye vijisanduku vya rangi. Unatoa mkojo, kinachovywa, kinalinganishwa na rangi za kwenye kopo, unaambiwa hakuna protini. Kijiti kina kazi zake nzuri, lakini kile cha kawaida hakibadiliki rangi mpaka albumini iwe nyingi. Chembe za mwanzo zinakipita. Kipimo ninachokisema ni kingine, cha maabara au cha mashine ndogo ya mezani: albumini ya mkojo ikilinganishwa na kriatinini iliyomo kwenye mkojo huohuo. Kwa nini ilinganishwe? Kwa sababu ukinywa maji mengi mkojo unakuwa mwepesi, albumini inaonekana kidogo. Ukiwa umefunga Ramadhani mkojo unakuwa mzito, albumini inaonekana nyingi. Kulinganisha kunaondoa tofauti hiyo. Chini ya miligramu 30 kwa kila gramu ya kriatinini ni kawaida. Kutoka 30 hadi 300, kifumbu kimelegea. Zaidi ya 300, kimechanika. Maabara nyingine huandika kwa kipimo kingine, na huko mipaka ni 3 na 30, kwa hiyo usishtuke wala usifurahi kabla hujauliza wametumia kipi.

Mwenye kisukari cha ukubwani anatakiwa apimwe tangu siku anayoambiwa anacho, maana huenda amekuwa nacho miaka kadhaa bila kujua. Mwenye kile cha utotoni, cha kutegemea insulini tangu mwanzo, aanze ikitimia miaka mitano. Baada ya hapo ni kila mwaka, sukari ikiwa nzuri isiwe nzuri.

Na jibu moja halitoshi. Hapa ninaomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeona watu wakianza kugawa mirathi kwa karatasi moja ya maabara. Albumini hupanda na kushuka. Hupanda ukiwa na homa, ukiwa na maambukizi ya njia ya mkojo, ukiwa umetoka kubeba mizigo au kucheza mpira siku ileile, mwanamke akiwa hedhini, sukari ikiwa imepaa sana. Na kwetu kuna kichocho. Kichocho cha kibofu hutia damu na protini kwenye mkojo, na mtu aliyekulia kuoga kwenye madimbwi ya Pemba au mabwawa ya mashamba ya mpunga anaweza kupewa jina la ugonjwa wa figo za kisukari kumbe ni minyoo ya kichocho inayotibika kwa vidonge. Ndiyo maana inatakiwa majibu mawili kati ya matatu yawe juu, ndani ya miezi mitatu hadi sita, tena mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora.

Nirudi kwenye lile neno la mstari wa 127. Kriatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo huitoa. Figo zikichoka, inarundikana kwenye damu. Ni kipimo kizuri, rahisi, kipo karibu kila hospitali ya wilaya, na mimi sitaki mtu aache kukipima. Lakini kina mambo mawili. La kwanza, hukawia: figo zinaweza kupoteza karibu nusu ya nguvu zake na tarakimu ya kriatinini ikawa bado imo ndani ya mipaka ya kawaida iliyochapwa kwenye karatasi. La pili, inategemea misuli. Mchukuzi wa bandarini mwenye kifua kama mlango na bibi wa miaka 70 aliyekonda wanaweza kuwa na tarakimu moja, mmoja figo zake nzima, mwingine nusu zimekwisha. Ndiyo maana daktari huichukua tarakimu hiyo, akaongeza umri na jinsia, akakokotoa kasi ya uchujaji. Chini ya 60 kwa miezi mitatu mfululizo ni ugonjwa sugu wa figo.

Hata hesabu hiyo ilitungwa kwa miili ya watu wa Ulaya na Marekani. Kwa miaka mingi kanuni zilizotumika sana ziliongeza jibu kwa mtu mweusi, kana kwamba sote tuna misuli ya mchukuzi. Kanuni mpya ya 2021 imeiondoa nyongeza hiyo. Na mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Malawi, Uganda na Afrika Kusini ambamo watafiti walipima uchujaji wenyewe, kwa kumdunga mtu dawa na kuangalia figo zinaitoa kwa kasi gani, kisha wakalinganisha na hesabu ya kriatinini. Walikuta kriatinini inazisifia figo zetu kuliko zilivyo. Fikiria mkulima mwembamba, mlo wake ugali na mchicha, nyama kwa msimu. Misuli yake inatoa kriatinini kidogo, kwa hiyo figo zake mbovu zinaonekana nzima. Katika utafiti huo kipimo kingine cha damu, sistatini C, kilifanya vizuri zaidi, kwa kuwa chenyewe hutoka karibu kila chembe hai ya mwili na hakitegemei sana misuli. Laiti kingekuwa rahisi kupatikana. Kwa sasa, kwa wengi wetu, mkojo na kriatinini kwa pamoja ndivyo vilivyo karibu, na vinahitajika vyote viwili, kwa sababu wapo wenye kisukari ambao figo zao hudhoofika bila albumini kuvuja.

Yapo matokeo kutoka hapa nyumbani ambayo sijawahi kuyasahau tangu niliposoma. Yalichapishwa mwaka 2013, kutoka kliniki ya kisukari ya Bugando, Mwanza. Watu wazima 369 walipimwa mkojo na damu. Zaidi ya wanane kati ya kumi walikuwa na dalili za ugonjwa wa figo, wengi wao kwa sababu ya albumini. Wale ambao kasi ya uchujaji ilikuwa imeshuka chini ya 60 walikuwa takriban robo tu. Yaani kliniki ingetegemea damu peke yake, wagonjwa wengi wangerudi nyumbani wakiambiwa wako salama. Ni kweli walipimwa mara moja, na nimeshasema mara moja haitoshi. Lakini kilichonikaa moyoni ni hiki: hakuna kati yao aliyekuwa akijua figo zake zina tatizo, na waliokuwa wameandikiwa jambo hilo kwenye faili ni watano. Nikilitazama daftari hili la buluu, naona nao walikuwa na madaftari kama haya.

Mtu ataniuliza, nikijua, nitafanya nini? Hapo ndipo penye furaha, maana kama kusingekuwa na la kufanya ningekaa kimya. Kuna nyoka wa Brazil aitwaye jararaca ambaye sumu yake hushusha presha ghafla. Kutokana na uchunguzi wa sumu hiyo zilipatikana dawa za jamii ya captopril. Mwaka 1993 matokeo ya watu 409 wenye kisukari cha utotoni na figo zinazovuja yalionyesha kwamba captopril ilipunguza kwa nusu hatari ya kufa, au kufikia mashine, au kuhitaji figo ya kupandikizwa. Ndugu zake, enalapril na lisinopril, na binamu yake losartan, ni dawa za kawaida za presha, hata zahanati za mitaani zinazijua. Daktari akikuanzishia atapima tena damu baada ya wiki chache, kuangalia kriatinini na potasiamu. Kriatinini kupanda kidogo mwanzoni si sababu ya kuzitupa. Ila mama mjamzito asizitumie kabisa, na anayetarajia kushika mimba amwambie daktari kabla.

Kisha zimekuja dawa za kutoa sukari kwa njia ya mkojo. Mwaka 2019 mojawapo, canagliflozin, ilijaribiwa kwa watu 4,401 waliokuwa tayari wanatumia zile za kwanza, na ikapunguza kwa asilimia 30 hatari ya figo kufeli na madhara mengine makubwa. Kilichoniamsha katika habari ile ni kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuingia kwenye jaribio bila kipimo cha albumini ya mkojo. Dawa nzuri, lakini ufunguo wa mlango wake ni kikombe cha mkojo. Na mgonjwa akiwa kwenye dawa, kipimo hichohicho ndicho kinachosema kama zinafanya kazi: albumini ikishuka kwa theluthi, kifumbu kinapumzika.

Watafiti hawajakaa. Wanatafuta alama zinazotangulia hata albumini. Huko Ulaya walichukua mkojo wa watu 1,775 wenye kisukari ambao albumini yao ilikuwa ya kawaida, wakasoma humo vipande 273 vya protini kwa mashine, na wakaweza kuwatenga 216 walio hatarini zaidi. Utabiri ulitimia, wale waliotengwa walielekea zaidi kuanza kuvuja kuliko wengine. Dawa waliyowapa kuzuia, spironolactone, haikuzuia. Mimi nalisoma hivi: alama mpya bila dawa yake ni habari ya kukukosesha usingizi. Albumini tunayo, na dawa zake tunazo, na daftari la shangazi lina mistari 126 isiyotaja mkojo. Wakati tunazingoja hizo nyingine, tuanze na hii.

Neno la haraka kuhusu kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, kwa wale ambao figo zimeshaguswa. Kinategemea uhai wa chembe nyekundu za damu. Mwenye upungufu wa damu, au aliyerithi selimundu hata upande mmoja, au ambaye figo zimechoka sana, anaweza kupata jibu lisilo sahihi. Mwambie daktari wako, alilinganishe na sukari unayopima kidoleni.

Na nyinyi wenye mkojo wa povu lisiloisha, ambalo huweza kuwa dalili ya protini, msingoje kipindi kingine cha redio. Nendeni. Wala msinywe vidonge vya maumivu vya diclofenac au ibuprofen kila siku kwa ajili ya magoti, vinaziumiza figo.

Nimalizie na baba yangu, mdogo wake shangazi. Ana kisukari mwaka wa nne sasa. Anajisikia mzima, anaendesha baiskeli hadi shambani na kurudi. Mwezi Januari nilimpeleka akapimwa mkojo, jibu likaja 62. Nyumba nzima ilinyamaza. Aprili akapima tena, 24. Mama akapiga vigelegele, baba akasema basi yamekwisha, mimi nikasema bado, moja juu na moja chini. Kipimo cha tatu ni Jumanne ijayo. Kikombe kipo juu ya kabati, amekwisha kuandika jina lake kwa kalamu ya wino. Anayemkumbusha si mimi. Ni shangazi, anampigia simu akiwa amelala kwenye kitanda cha mashine, mkono mmoja una sindano, mwingine umeshika simu, anamuuliza: wewe, Jumanne unakwenda?